Kipande cha Pafu la Kaka Yangu

Kwa habari ya mapafu, hakukuwa na kitu cha kunishangaza hapa duniani. Naweza kusema hivyo mbele ya daktari na nisione haya. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kichinjioni nikibeba maji ya kuoshea sakafu, nikapanda kuwa mchuna ngozi, nikapanda tena kuwa mnunuzi wa ng'ombe kule nyanda kavu za Embu, na nilipofika miaka arobaini nilikuwa na bucha tatu mjini Meru. Moja ilikuwa pale Gakoromone, na wake wa walimu walizipita bucha nyingine nne ili waifikie. Hakuna aliyenishika mkono. Pafu la mbuzi aliyekuwa akikohoa nalijua kwa kulibonyeza tu, macho nimefumba. Lenye minyoo, lenye usaha, lenye uvimbe mgumu kama kokwa ya parachichi, lililojaa vumbi la Mbeere, yote hayo nimeyashika, nimeyakata, nimeyauza.

Hilo la kuuza nilitaka kuliruka, lakini limeshatoka mkononi. Basi nilieleze. Kichinjioni kwetu mkaguzi wa nyama akikataa kiungo alikichora alama kwa wino wa zambarau, na kiungo chenye alama hiyo kilitakiwa kwenda shimoni kumwagiwa dawa. Mkaguzi akishaenda kunywa chai, mtu mwenye kisu kikali angeweza kuichuna ile alama, nyembamba kama karatasi, na pafu likarudi kuwa nyama. Mapafu ni chakula cha maskini. Maskini haulizi mengi. Sikufanya hivyo kila siku, lakini nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wote, na nilisifiwa kwa hilo.

Kaka yangu mkubwa hakuwa mtu wa visu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na sigara. Mwaka mmoja kabla ya ile mvua ya El Niño iliyobeba madaraja, alianza kukohoa kikohozi kisicho na mwisho. Nilimtazama nikamwambia ni maji ya baridi yameingia kifuani, nikamletea supu ya kichwa cha ng'ombe kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Kikohozi kilikunywa supu yangu na kikanenepa. Ndipo hospitali ya wamisionari, kule mlimani, walipompiga picha na kuona uvimbe kwenye pafu la kulia.

Binti yake wa kwanza alikuwa chuo kikuu Nairobi, kwenye maabara. Msichana huyo amebeba jina la mama yetu mzazi, kama desturi yetu inavyotaka, kwa hiyo tangu akiwa mchanga mgongoni mimi namwita "mama," naye ananiita "baba mdogo." Hata nilipokuwa nikimkaripia kwa kukojoa kwenye mkeka wangu nilikuwa nasema, "Mama, utaniharibia nyumba." Alikuja nyumbani wiki mbili kabla ya kaka kupasuliwa. Tulikaa uani, kaka akiwa na koti zito juani, shemeji akichambua maharagwe.

"Mama," nilimwambia, "hebu nieleze hii kansa ya baba yako kwa Kiswahili cha bucha. Kile cha chuo kiache huko huko Nairobi."

Akacheka. "Sawa. Baba mdogo, pale kichinjioni nyama mbaya inajulikanaje?"

"Kwa macho yangu."

"Kando na macho yako."

"Mkaguzi anaichora alama."

"Halafu?"

"Halafu inaenda shimoni."

"Basi na mwilini ni hivyo hivyo," akasema, akavuta kigoda karibu.

Alisema mwili wetu umejengwa kwa seli, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na ndani ya kila seli mna protini za kila aina. Ziko protini ambazo kazi yake ni kuamrisha seli ikue, ijigawe, iwe mbili. Amri hiyo ni nzuri mtoto anapokua, au kidonda kinapopona. Lakini protini ya namna hiyo hairuhusiwi kukaa. Ikishatoa amri yake inatakiwa iondolewe upesi. Kuna kimeng'enya kinachoibandika alama ndogo, na protini ikishabandikwa inapelekwa kwenye mashine inayoisaga ikawa makombo. Hapo amri imekwisha, seli imetulia.

"Na kuna kimeng'enya kingine," akasema, "hicho kazi yake ni kubandua."

"Kubandua nini?"

"Ile alama. Kinapita nyuma ya mwenzake kinaiondoa, ile protini inaponea, inarudi kazini. Si kibaya, kwa sababu wakati mwingine alama hubandikwa mahali si pake. Lakini tunafikiri kwenye uvimbe wa mapafu huyu mbanduaji amezidi. Kila protini mbaya ikibandikwa, yeye ameshafika. Basi haifi. Inakaa, inaamrisha tu, kueni, gawanyikeni, kueni, gawanyikeni, mpaka pafu linajaa."

Kaka akaikohoa sentensi yake kabla ya kuisema. "Na huyo mbanduaji," akauliza, "analipwa nini?"

Tulicheka sote. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, hata shemeji akainua macho kutoka kwenye maharagwe. Msichana yule akiwa mdogo alikuwa akiletwa kwangu wakati wa likizo, akikaa juu ya kreti ya soda pale kichinjioni nikimaliza kazi. Macho ya watoto huona. Sijui kama siku ile uani alikumbuka. Hakunikazia macho, wala hakunikwepa. Alikuwa anaeleza tu.

Kisha akasema alichotaka. Mwalimu wake mkubwa pale maabara alimruhusu kuchunguza jambo lake mwenyewe: kutazama kwenye uvimbe halisi, si kwenye kitabu, kama ile protini ya amri bado ina alama zake au zimebanduliwa. Watu kutoka kwetu hawakuwa wakipasuliwa vifua kila siku, na baba yake ndiye angepasuliwa. Madaktari walikuwa wamekubali kumkatia kipande. Kilichobaki ni mwenye pafu mwenyewe.

"Mimi nimeshakubali," kaka akasema. "Nimefundisha watoto wa watu miaka ishirini na sita. Hiki kifua kimekula mshahara wangu kwa sigara. Wacha sasa nacho kifundishe mtoto wangu."

Hayo alisema, na yeye hakuwa mtu wa maneno mazito. Baadaye shemeji aliniambia kwamba tangu daktari amtajie kansa, hilo ndilo jambo la kwanza lililomfanya alale usingizi.

Shida ilikuwa usafiri. Siku ya upasuaji ndiyo siku binti aliyopewa kutumia mashine ya maabara, kwa hiyo hangeweza kuwa Meru na Nairobi kwa pamoja. Alikuwa amemwomba rafiki yake mwenye gari la kuazima aje kukichukua.

"Rafiki gani?" nikauliza. "Mwanafunzi? Mama, mimi nimebeba ng'ombe wa watu kutoka Ishiara mpaka Meru kwenye pikapu hii hii, hakuna hata mmoja aliyevunjika kwato. Nishindwe na kipande kama kidole?"

"Si uzito, baba mdogo. Ni joto. Kile kitu lazima kikae kwenye barafu, na kifike ndani ya masaa nane."

"Unanifundisha mimi habari ya nyama na joto? Mimi? Nyama ya fahali ukiitundika siku nzima inalainika yenyewe. Nilijua hivyo wewe bado hujaota meno."

"Na unajua nani anailainisha?" Akatabasamu. "Ni hao hao. Vimeng'enya. Havijui kwamba ng'ombe amekufa. Vikipata joto vinaendelea na kazi. Kipande cha baba nacho hivyo hivyo, kikikatwa, wale wabanduaji humo ndani hawana habari. Wakipashwa joto watabandua kila alama mpaka ya mwisho, na mimi nikikifungua nitakuta nyama tu. Barafu inawashika mikono." Kisha akaniuliza, polepole, "Hutasimama mahali?"

"Nisimame kwa nini?" nikasema. "Nikisema nimesema."

Nilijua wakati huo huo kwamba siku hiyo nilikuwa na mwaliko Manyatta.

Ilikuwa ruracio, siku ya kupeleka mahari. Mwenzangu wa biashara, Mmeru kama mimi, alikuwa anamwoza kijana wake kwa Waembu, na mimi ndiye niliyeombwa kukata nyama mbele ya wakwe. Kwetu hiyo si kazi ya kumpa mtu yeyote. Kila kipande kina mwenyewe, cha wazee, cha kina mama, cha wasichana, na ukikosea umetukana ukoo. Mtu aliyeacha shule darasa la nne hapewi nafasi nyingi za kusimama mbele ya watu wazima wakanyamaza wakimtazama mikono. Nilijihesabia: nitapita, nitakata, nitaondoka. Nusu saa.

Kaka aliingizwa asubuhi. Kabla ya saa nne daktari alitoka akaniambia waliufungua uvimbe wakakuta umeshika mpaka mahali kisu hakiwezi kwenda, kwa hiyo wamekata vipande viwili tu, kimoja cha hospitali na kimoja cha binti, wakamshona. Hakuna kukata tena. Akanikabidhi chupa ndogo ya plastiki yenye kifuniko chekundu. Nikaizika kwenye sanduku la barafu nililonunua kwa ajili ya safari ile, nikalifunga kwa kamba. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kuliko figo ya kuku. Kabla ya kuizika nilikuwa nimeishika chupa ile dakika nzima, nikafikiri, huyu ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Nilipokaribia Embu niliacha lami, nikapanda kwenda Manyatta kwa barabara ya vumbi. Sikutaka kuliacha sanduku ndani ya pikapu lipikwe, nikalibeba mpaka uani, kwenye kivuli cha hema. Hapo ndipo ulimi wangu ulipofanya kazi yake.

"Ee, Mmeru ameleta baridi!" mtu mmoja akapiga kelele. "Fungua tunywe!"

"Hii si ya kunywa," nikasema, na kifua kikanijaa. "Humu mna pafu la mtu. Linaenda Nairobi kwa wanasayansi. Mimi ndiye nimeaminiwa kulipeleka."

Walidhani natania. Nikafungua kamba, nikafunua, nikainua ile chupa waione. Halafu nikafungua tena kwa waliochelewa kuona. Kina mama waliokuwa karibu walirudi nyuma wote kwa pamoja, kama maji.

Mzee wa boma, baba wa msichana anayeolewa, alikuja akiegemea fimbo. "Muthoni," aliniita, yaani mkwe, maana siku hiyo sote tulikuwa wakwe, "ni la mtu aliye hai au aliyekufa?"

"Yu hai, mzee. Ni kaka yangu."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Mtu yu hai, na nyama yake inatembelea watu? Leo tumekutana hapa kuongeza watu. Wewe unaniletea mtu aliyepunguzwa." Akaelekeza fimbo langoni. "Peleka nje ya ua wangu. Ukimaliza, utaenda nalo."

Hapo mtu mwenye akili angesema, mzee, umenena, na akatia gari moto. Hata desturi yenyewe ilikuwa imenifukuza kwa heshima. Lakini mbuzi walikuwa wameshatoka motoni, majani ya mgomba yameshatandikwa, na mwenzangu ananiangalia kwa macho ya kuomba. Nililiweka sanduku nje, chini ya ua wa miti ya kariaria inayozunguka boma, upande wa kivuli, nikarudi ndani nikakunja mikono ya shati.

Nilikata vizuri siku ile. Nasema kweli, sijawahi kukata vizuri hivyo. Wazee wa Embu walinyanyua vidole kunisifu. Bibi mmoja akasema, "Huyu kama si mnene hivi ningemwoa mimi," na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Baada ya nyama kukaja hotuba, baada ya hotuba wakaniita tena nieleze vipande vya kwetu vinavyotofautiana na vya kwao, nami nikaeleza. Nusu saa yangu ilikuwa masaa matatu. Kivuli cha kariaria hakikuningoja, kilihamia upande wa pili wa ua.

Nilipotoka, sanduku lilikuwa juani na kamba imelegea pale nilipofungua mara ya pili. Ndani mlikuwa na maji. Chupa ilikuwa inaelea. Niliishika, ilikuwa vuguvugu kama chupa ya maziwa ya mtoto. Kile kipande kilichokuwa na rangi ya damu kilikuwa kimegeuka kijivu, kimeachia majimaji. Sikuhitaji mtu wa chuo kuniambia. Nyama ikifika hapo hairudi.

Hili linalofuata sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mmoja.

Ningeweza kupiga simu pale Embu na kusema, mama, nimeharibu. Nilikuwa na sarafu mfukoni na kibanda cha simu nilikiona. Badala yake niliendesha moja kwa moja mpaka kichinjio kimoja ambako nilikuwa na rafiki, mchinjaji wa siku nyingi.

"Nipe pafu lenye uvimbe," nikamwambia.

"Bovu?" akaangua kicheko. "Bwana mkubwa, siku hizi unauza mabovu kwa jumla?"

"Nipe tu."

Alinionyesha rundo la yaliyokataliwa. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikapata moja la ng'ombe lenye uvimbe mgumu, rangi yake karibu na ile niliyoiona asubuhi. Lilikuwa na alama ya zambarau juu yake. Niliichuna kwa mikato mitatu, mkono ule ule mwepesi, nikakata kipande kidogo kuliko figo ya kuku, nikaosha chupa, nikakitia. Pafu ni pafu, nikajiambia. Nani atajua?

Na kile kipande cha kaka? Mkononi mwangu kilikuwa bado na joto la jua. Rafiki yangu alikuwa anapita na ndoo ya kwenda shimoni, akasema, "Na hicho?" Nikakitupa ndoani. Kilikwenda na maini yenye minyoo, kikamwagiwa dawa pamoja nayo. Hata kufukiwa kwa jembe mahali pake peke yake sikukipa.

Nilinunua barafu mpya kwa muuza soda mjini, nikakanyaga mafuta. Nilifika Nairobi kabla ya saa kumi na moja. Msichana alikuwa amesimama nje ya jengo na koti jeupe, akakimbilia pikapu. Alipofungua sanduku akashika mashavu.

"Barafu iko nzima! Baba mdogo, kwani ulikuwa unaendesha ndege?"

"Si nilikwambia?" nikasema.

Alikipeleka ndani mbio. Baadaye akatoka akaninunulia chai na mandazi kwenye kibanda cha wanafunzi, kwa sarafu zake mwenyewe, akizihesabu moja moja mezani, nami nikala mandazi matatu. Kaka naye, wiki iliyofuata, akiwa bado kitandani na mrija kifuani, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimesikia ulikibeba vizuri," akasema. "Asante, mdogo wangu. Sasa hata nikienda, kuna kitu changu kinasomwa." Nikajibu, "Usijali, kaka." Neno la kumjibu hivyo lilitoka laini kabisa, bila kukwama popote.

Msichana alikuja Gakoromone baada ya mwezi mmoja na nusu. Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko, wateja wamejaa mpaka mlangoni. Alisimama kwenye foleni kama mtu anayetaka nusu kilo. Zamu yake ilipofika nikamwita kwa shangwe, "Mama! Leo nikukatie mbavu au—"

"Baba mdogo, tuongee nyuma."

Nyuma ya bucha kuna mahali pa kuoshea ndoo. Akasimama hapo, mkoba kifuani.

"Kile ulichoniletea ni ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe? Mama, wewe umesoma mpaka umechanganyikiwa. Mimi nilipewa na daktari mkononi—"

"Dawa tunayotumia inashika protini ya mtu. Ilikataa. Nikafikiri nimekosea, nikarudia. Ikakataa. Nikarudia mara ya tatu, nikamaliza chupa nzima ya dawa. Nikalia, nikidhani mkono wangu ndio mbovu. Ndipo mzee mmoja wa maabara akakata kipande chembamba, akakitazama kwenye hadubini, akaniuliza nimekitoa bucha gani." Akaukaza mkoba kifuani. "Walicheka, baba mdogo. Wote."

Nilikuwa na kisu mkononi bado. Nilianza kusema daktari huenda alichanganya. Nikasema sentensi nzima, nikaanza ya pili, naye akaniacha niseme. Hakunikatiza. Ningeshukuru kama angenikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Ile ya baba iko wapi?"

Nikamwambia. Manyatta, ua wa kariaria, kichinjio, ndoo. Sikuweza kumtazama, nilitazama maji yenye damu yakienda mtaroni. Nikamwambia na ile alama niliyoichuna.

"Ulikuwa unachuna hata zamani," akasema. "Nilikuwa juu ya kreti."

Kisha akaniambia hali yake ilivyo. Mwalimu wake hakuamini kwamba hakujua. Alimwondoa kwenye kazi ya saratani, akampa kuchunguza ukungu wa mahindi. Alichokuwa ameandika kwa miezi minane kilibaki kwenye daftari bila jibu, na uvimbe mwingine wa mtu wa kwetu usingepatikana, na wa baba yake usingekatwa tena.

"Nitaenda nimweleze huyo mwalimu wako," nikasema. "Leo hii. Nitamletea hata mbuzi."

"Hapana. Na baba usimwambie. Mimi nimemwambia kilifika, na kwamba kinafanya kazi." Hapo sauti yake ilivunjika mara ya kwanza. "Kila nikipiga simu ananiuliza, 'Pafu langu limesemaje?' Namwambia linasema mengi. Nakaa nikisoma vitabu vya watu wengine ili nijue la kumwambia."

Aliondoka kwa mlango wa nyuma. Nilirudi mbele nikakata nyama ya watu mpaka jioni, na mteja mmoja akaniuliza mbona leo huimbi.

Kaka aliishi miezi mitano tena. Nilikwenda kumwona kila Jumapili, na kila Jumapili alinieleza habari za vimeng'enya kama alivyoelezwa na binti yake, kwa furaha ya mwalimu aliyepata somo jipya. Kimoja kinabandika, kingine kinabandua. Alichora kwa kidole kwenye blanketi. "Huyu ndiye aliyelifikisha huko," aliwaambia wageni wakinitazama. Siku moja nilikaribia kusema. Nilifungua mdomo, na msichana, aliyekuwa amekuja wikendi hiyo, aliinua macho kutoka kwenye kikombe cha uji aliokuwa anamnywesha, akatikisa kichwa mara moja. Nikaufunga. Hivyo ndugu yangu alikufa ameridhika, kwa uongo wa mtoto wake uliokuwa unafunika uongo wangu. Walimzika kwenye shamba lake, na watu walisema mimi ndiye niliyelia kuliko wote. Hawakujua ninalia nini. Wao walikuwa wanazika mtu mzima, mimi nilijua amepungua, na najua kilichopungua kiko wapi.

Baada ya mazishi nilifanya kama desturi inavyosema. Mtu akimkosea wa damu yake huenda na kondoo dume, akichinjwa kosa limekwisha. Nilichagua mmoja mweupe asiye na doa, nikamfunga kamba, nikampeleka kwa miguu mwenyewe mpaka kwa shemeji, siku niliyojua binti yuko nyumbani. Nilitembea katikati ya barabara watu wakiniona, mtu mzima mwenye bucha tatu akivuta kondoo.

Alinikuta langoni. "Mama," nikasema, "nimekuja kwako."

"Huyo mpe mama yangu afuge," akasema. "Simchinji. Ukinichinjia, itakuwa tumemaliza, na mimi sijamaliza."

"Basi niambie unataka nini. Chochote. Nikusomeshe ng'ambo? Nitauza bucha."

Akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Zile dawa za maabara alizomaliza kwa pafu la ng'ombe, ile chupa ndogo iliyoagizwa kutoka ng'ambo, filamu za picha, kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa jina lake, kwamba amekipoteza kwa uzembe. Alikuwa akikilipa kidogo kidogo kwa kufundisha watoto wa watu hesabu jioni. Sasa alikuwa amemaliza kulipa, na chini ya karatasi pana mhuri wa chuo.

"Nataka hiki nilicholipa tu," akasema.

Nilitoa bunda mfukoni. Nilihesabu elfu ishirini mbele yake, noti mpya. "Shika zote, mama. Zinazobaki ununue viatu."

Alizipokea, akaingia ndani. Nilimsikia akifungua sanduku la bati, akihesabu. Akatoka, akachukua mkono wangu, akaukunjua vidole, akaniwekea chenji yangu katikati ya kiganja, noti na sarafu, mpaka shilingi tano ya mwisho. Kisha akakaa kwenye kigoda akaendelea kuchambua maharagwe na mama yake. Hakuna aliyenifukuza, wala hakuna aliyeniambia nikae. Alichokubali kutoka kwangu kilikuwa shilingi elfu kumi na nne, mia sita themanini na tano.